MGENI ALIYE KIFUNGONI NAYE ANA KWAO

Vilima vya Heru Juu, wilayani Kasulu, havijui mpaka. Mtu akisimama pale asubuhi, ukungu ukisha kuondoka, huona migomba na mashamba ya maharage na kahawa yakipanda na kushuka mpaka macho yachoke; na lau angeshika njia kuelekea Burundi, angefika huko bila ya kuona mabadiliko makubwa ya udongo, ya mazao wala ya nyuso za watu. Zamani palikuwapo hapo himaya ya Heru, kama vile upande wa Kibondo zilivyokuwapo Muhambwe na Buyungu. Na miongoni mwa watawala wa Heru alikuwamo mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kabla ya uchifu kufutwa mwaka 1963. Wajerumani waliitawala Buha pamoja na Urundi na Ruanda kwa mkono mmoja. Walipong'olewa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana ngawira, na mstari wao ukapita katikati ya watu ambao lugha zao zinasikilizana. Muha akisema Kiha na Mrundi akisema Kirundi, hawahitaji mkalimani.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: ya Heru Juu yanatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Yanatuhusu sana, nasi tunamwomba atuvumilie tueleze.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa katika kazi za Chama kwenye wilaya zile za mpakani, tulifika katika kituo kimoja cha polisi ambacho hatutakitaja, kwa kuwa nia yetu si kumshitaki mtu. Mahabusu walikuwamo vijana wawili waliokamatwa siku moja, mnadani. Katika daftari la kituo wote wawili walikuwa wameandikwa Warundi. Wa kwanza alishikilia tangu mwanzo kwamba yeye ni Muha, mzaliwa wa Heru Juu. Ilibidi mzee wa kwao ateremke kwa miguu, afike kituoni, amtambue kwa jina la babu yake, ndipo akafunguliwa. Wa pili alikuwa Mrundi kweli. Yeye hakuwa na mzee wa kuteremka kilimani. Alibaki pale pale alipokuwa, na siku tuliyofika alikuwa amekwisha kaa majuma mengi, na kwao hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Balozi mdogo wa Burundi anakaa Kigoma mjini, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Kasulu. Hakuna aliyemwambia kijana yule kwamba anaweza kupelekewa habari. Hatudhani kwamba alifichwa kwa ubaya. Askari waliokuwa zamu walikuwa watu wa kawaida, wachovu, wenye kazi nyingi na petroli kidogo. Na hapa hatuna budi kujikosoa, kama Chama kilivyotufundisha. Nasi tulikuwapo. Tulikunywa chai pamoja na mkubwa wa kituo, tukazungumza habari za mbolea na za michango ya skuli, tukaagana. Hatukusema neno juu ya kijana yule, kwa sababu hatukujua kwamba liko neno la kusema.

Neno hilo lipo. Limeandikwa katika kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu mahusiano ya kibalozi. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1977, yaani mwaka ule ule kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi. Kwa lugha nyepesi, kifungu hicho kinaagiza kwamba mgeni akikamatwa, akitiwa rumande au akifungwa, wakuu waliomshika wamwambie bila ya kuchelewa kuwa anayo haki ya kuomba balozi wa nchi yake ajulishwe. Akiomba, balozi ajulishwe bila ya kuchelewa. Barua ya mfungwa kwa balozi wake ipelekwe. Na balozi huyo anayo ruhusa ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Lakini mfungwa mwenyewe akisema wazi kwamba hataki, balozi hana budi kukaa kando.

Sisi wa visiwani tunayo sababu ya kulitazama neno balozi kwa jicho kali. Mmarekani alimleta balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, na Mwingereza akamleta wake mwaka 1841. Mabalozi wa zama zile hawakuja kuwatazama wafungwa. Walikuwa ndio mahakimu wa watu wao, na kadhi wala liwali hakuwa na nguvu juu ya mtu aliyekaa chini ya bendera yao. Mgeni akikosa, alihukumiwa na mgeni mwenziwe. Mwenyeji alitazama tu. Wazee wetu waliliona jambo lile kuwa ni udhalilishaji wa nchi, na hawakukosea.

Mkataba wa mwaka 1963 haurudishi ubwana ule hata kidogo. Balozi wa leo hahukumu, hafungui mlango wa jela, haamuru polisi, wala hamwondolei raia wake kosa alilolitenda. Mwizi atabaki mwizi, naye atahukumiwa na hakimu wa nchi aliyoiba, kwa sheria ya nchi ile. Kazi ya balozi ni ile aliyoifanya mzee wa Heru Juu kwa kijana wake: kufika, kumwona, kumtambua, kuwapelekea habari walioko nyumbani, na kuhakikisha kwamba anaelewa anachoulizwa. Hili halipunguzi enzi ya dola. Dola iliyo na hakika ya haki yake haiogopi kutazamwa inapoitenda.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Wasemao hivyo hawajasikia kisa kilichotokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo, kilichoanza katika chumba cha mahabusu cha Kinshasa na kwisha katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague.

Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, alihamia Kongo mwaka 1964. Alifanya biashara huko kwa zaidi ya miaka thelathini, akaanzisha makampuni mawili, na makampuni hayo yakawa yanadai fedha nyingi kwa Serikali na kwa mashirika makubwa. Tarehe 5 Novemba, 1995, alikamatwa kwa amri ya kufukuzwa nchini. Aliwekwa ndani siku 66 mfululizo. Alifunguliwa Januari 1996, akakamatwa tena mwezi huo huo, na tarehe 31 Januari, 1996, akafukuzwa. Mtu aliyekaa miongo mitatu katika nchi aliandikiwa hati kana kwamba ni mpita njia aliyekataliwa kuingia, hati ambayo mwenye kuandikiwa hawezi kuikatia rufani.

Guinea ilimpelekea mashitaka jirani yake wa Afrika mwezi Desemba 1998. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Novemba, 2010. Mahakama iliona kwamba kukamatwa, kuwekwa ndani na kufukuzwa kwa Diallo kulivunja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa pamoja na Hati ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Na juu ya hayo, kwamba kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna nacho kilivunjwa.

Tunawaomba maofisa wetu wasome kwa makini jinsi Kongo ilivyojitetea, kwa sababu majibu yale yale husikika katika vituo vingi vya Afrika Mashariki. Kongo ilisema: tulimwambia kwa mdomo. Mahakama ikauliza ushahidi uko wapi, na ushahidi haukupatikana hata kidogo. Kongo ikasema: Guinea haikuonyesha kwamba Diallo aliomba balozi wake ajulishwe. Mahakama ikajibu kwamba si kazi ya mfungwa kuulizia haki asiyoijua. Ni wajibu wa aliyemkamata kuanza yeye kumwambia. Na pia lilikuwapo jambo la tatu, kwamba ubalozi wa Guinea ulikuwa umekwisha kupata habari. Mahakama ikasema kuwa habari kupatikana kwa njia nyingine hakufuti kosa la asiyetimiza wajibu wake.

Tarehe 19 Juni, 2012, Mahakama ilikata fidia. Guinea ilikuwa imedai zaidi ya dola milioni 11 za Marekani. Ilipewa dola 95,000, kwa ajili ya madhara yaliyompata Diallo kwa kukamatwa, kuwekwa ndani na kufukuzwa. Fedha hizo ni chache mbele ya maisha ya mtu. Hata hivyo Mahakama ile ilikuwa haijakata kiasi cha fidia tangu shauri la Uingereza na Albania la mwaka 1949, na mtu ambaye kwa ajili yake ilifanya hivyo ni Mwafrika mfanya biashara aliyewekwa korokoroni na Waafrika wenziwe.

Wala tusidhani kwamba wakubwa wa dunia wametupita kwa wema. Marekani, ambayo hupeleka mabalozi wake mbio kila raia wake akamatwapo ugenini, imeshitakiwa mara tatu kwa jambo hili hili. Raia wa Paraguay alinyongwa kwa sumu katika jimbo la Virginia mwezi Aprili 1998, ilhali The Hague ilikuwa imeomba angojewe. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, waliuawa Arizona mwaka 1999. Mwaka 2001 Mahakama ikatamka kwamba haki ya kifungu cha 36 si ya dola peke yake bali ni ya mfungwa mwenyewe pia. Mwaka 2004 Mexico nayo ilishinda, kwa ajili ya raia wake 51 waliohukumiwa kifo bila ya kuambiwa haki yao. Mmoja wao, José Medellín, aliuawa Texas mwezi Agosti 2008 baada ya Mahakama Kuu ya nchi ile kusema kwamba hukumu ya The Hague haiwezi kutumika kama sheria ndani ya nchi mpaka Bunge lao litunge sheria. Wako wafungwa wageni waliokwenda katika mahakama za Marekani kudai fidia kwa kunyimwa haki hii. Mwaka 2007 mahakama moja ya rufani ilimkubalia raia wa India, aliyepata kufungwa katika jimbo la Illinois, ashitaki. Mahakama nyingine za rufani zimewakatalia wenziwe. Ndivyo inavyokuwa haki ikicheleweshwa. Neno ambalo askari angelisema kwa dakika moja huzaa miaka kumi ya mawakili.

Katika nchi yetu wenyewe, Arusha, ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wafungwa wageni walioko Tanzania wameifikia: Wakenya, Warundi, na raia mmoja wa Ivory Coast aliyehukumiwa kifo, ambaye nchi yake iliingia katika shauri kumsaidia. Miongoni mwa malalamiko yake lilikuwamo hili la msaada wa ubalozi. Hukumu yake ilisomwa mwezi Desemba 2018. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la mwaka 2010 lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama ile, na tangu Novemba 2020 mlango huo haupokei mashauri mapya ya namna hiyo. Hatuingii hapa katika ubishi wa uamuzi ule. Tunasema jambo moja tu: mlango wa mwisho ukisha kufungwa, mlango wa kwanza, ambao ni wa kituo cha polisi, yafaa uwe wazi zaidi kuliko ulivyokuwa.

Sasa turudi kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, kwa sababu huko jambo hili lina sura ambayo Ulaya na Marekani hawaijui vema. Si kila Mrundi au Mkongo aliyeko huko ni msafiri au mchuuzi. Tangu mwaka 1972 watu wamekuwa wakivuka mpaka ule kwa makundi, wakikimbia mauaji. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mkimbizi wa namna hiyo akikamatwa, ofisa mwenye bidii lakini asiye na elimu ya jambo hili anaweza kudhani anafanya wema kwa kumpigia simu balozi. Kumbe anawapa habari za mtu yule wale wale aliowakimbia, pamoja na jina lake, mahali alipo, na labda mahali walipo watoto wake.

Ndiyo maana kifungu kile kinasema balozi ajulishwe mfungwa akiomba, wala hakisemi ajulishwe kwa vyovyote. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaeleza kwamba mkimbizi na mtu asiye na uraia wapewe nafasi ya kuwasiliana na nchi inayowasimamia au na chombo cha kimataifa chenye jukumu la kuwalinda. Kwa vilima vyetu maana yake ni Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo ofisa ana mambo mawili ya kufanya, na yote mawili ni maneno: kwanza amwambie mtu haki yake, kisha amsikilize anavyotaka. Akinyamaza amekosa. Akimpigia balozi simu bila ya kumwuliza mfungwa, huenda amekosa zaidi.

Visiwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya jambo hili. Mwezi Januari 2001, katika siku ambazo hakuna aliyependa zitokee, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kutoka Pemba wakaenda Shimoni, pwani ya Kenya. Wengi wamerejea, na nchi imeendelea kutafuta maelewano. Lakini nani kati yetu angependa kwamba kila aliyeteremka katika mashua zile apelekewe ofisa wa ubalozi kabla hajaulizwa kama anamtaka? Na nani angependa kwamba awekwe ndani asiambiwe lolote?

Wala si wakimbizi tu. Visiwa hivi vimeishi kwa safari. Wako wavuvi wetu wanaokwenda dago mpaka maji ya Kenya na Msumbiji, ambako mpaka wa baharini hauna jiwe wala bendera. Wako mabaharia wetu walioshuka katika bandari ambazo hawajui lugha yake. Wako mabinti zetu waliokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mmoja wao akishitakiwa na mwajiri wake kwamba ameiba, ataulizwa maswali kwa Kiarabu cha polisi, si kile alichokisoma chuoni. Mzazi aliyeko Makunduchi au Micheweni ana tumaini gani, isipokuwa ofisa mmoja wa nchi ile amwambie binti, unaweza kuuarifu ubalozi wako? Na tutamdai ofisa yule neno hilo kwa uso gani, ikiwa sisi tumemnyima mtoto wa mwenzetu? Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu.

Tuliopita chuoni kabla ya skuli tulifundishwa kwamba msafiri aliyekatikiwa na njia amewekewa fungu lake katika zaka, hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu mali iliyo mbali haimfai. Na tuliokulia katika Chama tulifundishwa kuwahesabu binadamu wote kuwa ndugu na Afrika kuwa moja. Mfungwa mgeni ameingia katika mafundisho yote mawili. Anao watu, lakini wako mbali; hawamfai mpaka wajulishwe.

Kwa hiyo tunatoa shauri, nalo halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya ndefu. Kila kituo cha polisi kilichoko mpakani, bandarini na kwenye viwanja vya ndege kiwe na karatasi moja iliyoandikwa haki hii kwa Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu na lugha nyingine zinazohitajika mahali hapo. Mgeni akikamatwa asomewe, aulizwe anataka nani ajulishwe, na jibu lake liandikwe daftarini pamoja na saa na sahihi yake au alama ya dole gumba. Mkongo alishindwa The Hague kwa kukosa mstari mmoja kama huo. Hakimu naye, siku ya kwanza mtu aletwapo mbele yake, amwulize kama ameambiwa, na asiridhike na jibu la mwendesha mashitaka. Na huku kwetu, ambako jela tumeiita Chuo cha Mafunzo, mkuu wa chuo awe na desturi ya kumwuliza kila mgeni anayepokelewa Kilimani swali hilo hilo, kwa maana mtu anaweza kuwa amepita polisi na mahakamani bila ya kulisikia.

Vile vile tusisahau kwamba katika vilima vya Heru swali la kwanza si mtu ajulishiwe balozi gani, bali ni mtu huyu ni wa wapi. Lugha haitoshi kumtambulisha. Muha wa Heru Juu asigeuzwe mgeni kwa sababu ya matamshi yake, wala Mrundi asikosewe haki yake kwa kudhaniwa kuwa anajua njia ya kwenda nyumbani. Viongozi wa vijiji na wa matawi ya Chama wanawajua watu wao. Wapewe nafasi ya kuulizwa mapema, kabla ya mzee kulazimika kuteremka kilimani kwa miguu.

Tumeandika haya kwa sababu tunalo deni. Kijana yule wa pili hatukuwahi kumwona tena, na jina lake hatukuliandika. Lakini viko vituo vingi na wako maofisa wengi wanaosoma gazeti hili asubuhi kabla ya kwenda kazini. Yamkini leo hii, katika chumba cha mahabusu cha mmoja wao, yumo mtu ambaye mama yake hajui aliko. Tunamwomba ofisa huyo, kabla hajaenda kunywa chai, amwendee mtu yule amwulize: ungependa nani ajulishwe kwamba uko hapa?